Kufunga Waya Matawi ya Bonsai Pasipo Kuujeruhi Mti

Bonsai ni mti unaokuzwa ukiwa mdogo ndani ya chungu, na matawi yake hufungwa waya na kupindwa ili yashike umbo. Bonsai inayotunzwa Lamu haipati majira ya baridi ya kuipumzisha kama zile za Japani. Matawi yake hunenepa karibu mwaka mzima. Mkwaju wangu niliufunga waya mwezi wa Machi, nikaja kuutazama kwa makini baada ya wiki saba, masika yakiwa yameshika. Waya ulikuwa umezama ndani ya gome upande wa juu wa tawi, na kovu lake, lililojiviringa mfano wa kamba, bado linaonekana miaka minne baadaye.

Chini tu ya gome pana utando mwembamba wa seli zinazozaa mbao mpya na gome jipya. Gome likichubuka au likibanwa, utando huo hufa mahali hapo. Ukifa kulizunguka tawi zima, tawi lote hukauka.

Tumia waya wa alumini laini au wa shaba. Waya wa chuma wa kufungia nondo haufai, kwa kuwa hewa ya chumvi huutia kutu upesi. Kwa alumini, chagua unene wa karibu theluthi moja ya unene wa tawi; shaba yaweza kuwa nyembamba zaidi kwa sababu ina nguvu. Wengi wetu hupata shaba kutoka mabaki ya nyaya za umeme za uzi mmoja, lakini ile 2.5 iliyoandikwa juu yake ni milimita za mraba, na uzi wenyewe una unene wa milimita 1.8 hivi. Menya plastiki yote kwanza. Shaba iliyokwisha kukunjwakunjwa huwa ngumu, basi ilaze juu ya makaa ya jiko mpaka iwe nyekundu iliyofifia, kisha uiache ipoe, nayo itarudia ulaini wake.

Siku ya kufunga, usimwagilie maji asubuhi, kwani tawi lenye maji kidogo hupinda bila kukatika kwa urahisi. Kata waya wenye urefu wa tawi mara moja na nusu. Ni vizuri waya mmoja ushike matawi mawili yaliyo karibu, ukizungushwa kwenye shina katikati yao, ili kila tawi liwe nanga ya mwenzake. Shika mwanzo wa waya kwa mkono mmoja usisogee, na kwa mkono wa pili uuzungushe kwa mshazari wa nyuzi 45, ukiligusa gome bila kulikaza. Kwa mvinje, inua vijani vyake vyembamba kwa kidole kabla ya kila mzunguko, kwa maana vikinaswa chini ya waya hufa.

Unapopinda, hakikisha waya unapita upande wa nje wa kona, maana huko ndiko nyuzi za mbao hutanuka na kupasuka. Weka vidole gumba upande wa ndani na upinde kidogo kidogo, ukisikiliza. Ukisikia mlio mdogo wa kuvunjika, simama hapo hapo, rudisha tawi kidogo, na ulifunge kwa chane za ukindu uliolowekwa. Bogenvilia ifungwe tawi likiwa bado bichi, kwani likizeeka halipindi tena, huvunjika.

Baada ya kazi, mwagilia, kisha uuweke mti katika kiwanda cha nyumba, yaani ua wa ndani, mahali penye kivuli ambapo upepo wa kusi hauufikii, kwa wiki mbili hivi. Usibadilishe chungu wakati huo huo. Majeraha ya mizizi na ya matawi kwa pamoja ni mzigo mkubwa kwa mti mdogo.

Kagua kila wiki, na wakati wa mvua kila siku tatu, ukianzia karibu na shina ambako tawi hunenepa haraka. Mara tu nafasi kati ya waya na gome inapopotea, ondoa, hata kama tawi halijashika umbo. Usiufungue kwa kuuzungusha kinyume, jambo ambalo huvunja vichipukizi. Ukate kwa koleo katika kila mzunguko, vipande vianguke vyenyewe. Tawi likirudi lilikotoka, lipumzishe wiki chache, kisha ulifunge upya, waya ukipita mahali pengine pasipo na alama za ule wa kwanza.