Mavazi ya Usiku wa Kupanda Kilele cha Kilimanjaro

Kila inapokaribia tarehe 9 Desemba, makundi ya Watanzania hupanda Mlima Kilimanjaro kuadhimisha uhuru na kuukumbuka Mwenge uliowashwa kileleni mwaka 1961, na wengi wao hawajawahi kuhitaji vazi zito kuliko sweta la Lushoto au Njombe. Safari ya mwisho, kutoka kambi ya Barafu au Kibo, huanza karibu na saa sita usiku. Kilele cha Uhuru kiko mita 5,895 juu ya usawa wa bahari, na alfajiri baridi yake yaweza kufika nyuzi 15 chini ya sifuri, upepo ukivuma juu yake.

Nguo haileti joto. Hulitunza tu lile linalotoka mwilini, na kinacholitunza hasa ni hewa iliyonaswa kati ya vazi na vazi. Ndiyo maana nguo kadhaa za wastani zinazopandana hushinda koti moja zito, kwani unaweza kuvua moja au kuongeza nyingine kadiri mwendo unavyobadilika.

Vazi la ndani kabisa liwe fulana ya mikono mirefu na taitsi, vyote vya sufu laini au poliesta. Pamba haifai, na suruali ya jinzi ibaki hotelini, kwa sababu pamba hunywa jasho ikakaa nalo, na maji huondoa joto mwilini takriban mara 25 zaidi ya hewa tulivu. Mara ya kwanza nilipanda na fulana ya pamba. Nikatoka jasho nusu saa ya mwanzo, na tuliposimama kupumzika dakika tano tu, mgongo ukawa kama uliobandikwa kitambaa kilichotolewa kwenye friji. Haukupata joto tena mpaka jua lilipochomoza. Wanaovaa ushungi nao wabadili ule wa pamba.

Juu ya hapo vaa sweta la sufu, kisha koti lililojazwa manyoya ya bata, na mwisho koti na suruali visivyopitisha upepo wala maji. Hilo la nje liwe pana, maana likibana hukamua ile hewa yote uliyoinasa. Makoti mazuri hupatikana kwenye mitumba ya soko la Memorial mjini Moshi, ila usinunue kwa macho: fungua na kufunga zipu mara kadhaa, kisha mwagia bega la koti maji kidogo. Yakitiririka kama juu ya jani la gimbi, lichukue. Yakizama, endelea kutafuta.

Miguuni, watu wengi huvaa soksi nzito jozi mbili ndani ya buti lililokwisha kubana, wakaizuia damu kufika vidoleni. Jozi moja nzito juu ya nyembamba inatosha, na vidole ni lazima vicheze ndani ya buti. Jozi ya usiku huo usiiguse siku zote za njiani, ili iwe kavu. Mikononi, glavu nyembamba zitangulie, zifuatwe na zile kubwa zinazokusanya vidole vinne pamoja, kwa kuwa vidole hupashana joto. Kofia ifunike masikio, na skafu iweze kupandishwa hadi puani.

Anza mwendo ukihisi baridi kidogo, fungua zipu kabla jasho halijaanza, na vaa koti zito mara tu mnaposimama. Usiwaige wapagazi unaowaona na sweta jepesi kwenye njia za chini. Mzigo walioubeba ndio unaowapasha joto.

Kidole kikifa ganzi na kugeuka cheupe au kijivu, kiweke kwapani. Usikisugue, hasa kwa theluji, wala usikiweke karibu na jiko, kwa sababu ngozi isiyo na hisia huungua bila mwenyewe kujua. Hisia isiporudi, mwambie kiongozi wako mara moja, mteremke. Simu ikae mfuko wa ndani, kwani baridi humaliza betri, na chupa ya maji ibebwe kichwa chini, kwa kuwa maji huanza kuganda upande wa juu na mdomo wake utabaki wazi.