Jinsi ya kupima aflatoksini kwenye karanga na mahindi kwa TLC, bila mashine ya mamilioni

Wanafunzi wengi wakisikia projekti ya kupima sumukuvu, yaani sumu za ukungu kama aflatoksini, wanawaza HPLC tu (ile mashine kubwa ya kutenganisha na kupima kemikali), halafu wakiulizia gharama ya sampuli moja wanakimbilia topiki nyingine. Ngoja kwanza. TLC ni kudondoshea sampuli kwenye pleti ya silika na kuiacha solventi ipande nayo mpaka vitu vitengane kuwa madoa. Ukiwa na pleti hizo, taa ya UV na standadi ya kueleweka (aflatoksini safi ya kiwango kinachojulikana, ya kulinganishia) unapata majibu yanayotosha kabisa kwa utafiti wa awali, yaani kujua sampuli zipi safi, zipi zina shida, na zipi za kulipia mashine kubwa ili upate namba ya uhakika. Ila kuna sehemu mbili watu wanaboronga sana, kuchukua sampuli na kuthibitisha doa, kwa hiyo huko ndo ntakaa zaidi.

Na msidhani TLC ni njia ya kubangaiza. Mwaka 1960 kule Uingereza walikufa bata mzinga zaidi ya 100,000, chakula chao kilikuwa na mashudu ya karanga, na watafiti walipotenganisha ile sumu kwenye TLC wakaona madoa yanayong'aa chini ya UV, mengine bluu mengine kijani. Herufi B na G kwenye aflatoksini B1, B2, G1 na G2 zimetokana na rangi hizo kwa Kiingereza. Huku kwetu tunaijua kwa misiba, Kenya mwaka 2004 watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa mahindi, Tanzania mwaka 2016 Dodoma na Manyara wakaugua 68, wakafa 20.

Haya, sampuli. Sumu hii haikai sawasawa kwenye gunia, punje moja inaweza kuwa imejaa sumu na zilizoizunguka hazina kitu, ndo maana ukienda sokoni ukanunua kikombe kimoja cha karanga ukapima, majibu yako ni ya kikombe hicho, sio ya soko. Tumia bambo, chota juu, katikati na chini ya gunia, magunia mengi kadiri unavyoweza, changanya mpaka upate kilo kadhaa, saga ZOTE, changanya tena unga vizuri ndo upunguze hadi kiasi cha kupimia. Usipime gramu 50 za punje nzima halafu ndo usage. Na tafadhali usichambue mbovu pembeni kabla, unless swali lako la utafiti ni kuhusu kuchambua.

Kutoa sumu kwenye unga wa karanga kuna njia ya zamani na nyepesi: gramu 50 za unga, mililita 250 za methanoli na maji kwa uwiano wa 55 kwa 45, mililita 100 za heksani, na gramu 2 za chumvi. Weka kwenye blenda ya lab (sio ya jikoni kwa mama, na ikishatumika hapa isirudi kwenye juisi), zungusha dakika moja, kisha sentrifyuji au acha itulie. Heksani itapanda juu na mafuta yote ya karanga, sumu inabaki chini kwenye methanoli na maji. Vuta mililita 25 za chini, weka kwenye faneli ya kutenganishia, ongeza mililita 25 za klorofomu, tikisa taratibu huku ukifungua koki kutoa presha. Safari hii unachotaka ni klorofomu, nayo inakaa CHINI, watu wanamwaga hapa kila mwaka. Ipitishe kwenye sodiamu salfeti kavu ikauke maji, kisha ikaushe kwenye maji ya moto ndani ya fyumu hudi (kabati la lab linalovuta mvuke). Ukipiga hesabu, mililita 25 kati ya 250 ni sehemu ya kumi, kwa hiyo chupani una sumu ya gramu 5 za unga. Iandike hiyo namba, utaihitaji.

Mahindi, hasa ya njano, yanakuja na takataka zaidi zinazong'aa. Hapo pitisha ekstrakti kwenye safu ndogo ya silika, osha kwa heksani, kisha etha, mwisho toa sumu kwa klorofomu yenye methanoli asilimia 3. Inachosha lakini pleti yako itasomeka.

Masalia yeyushe kwa mikrolita 500 za toluini na asetonitrili, 9 kwa 1. Vitabu vya zamani vinasema benzini, achana nayo, inasababisha kansa na tayari una kansa ya kutosha kwenye hiyo chupa. Glavu muda wote, na taa za chumba punguza maana aflatoksini inaharibika kwa mwanga, chupa ziwe za kahawia au zifunge foili.

Pleti sasa. Kama uko Dar, Tanga au Mombasa, ile hewa yenye unyevu inaingia kwenye silika na madoa yanapanda kuliko kawaida, kwa hiyo ipashe kwenye oveni nyuzi 105 hadi 110 kama nusu saa na uitumie mapema. Chora mstari kwa penseli, sentimita 2 kutoka chini. Sio peni, wino utapanda na solventi. Weka mikrolita 10 za sampuli kidogo kidogo, kila tone likauke kabla ya lingine, doa lisizidi milimita 5. Pembeni weka standadi ya B1 kwa viwango tofauti, tuseme mikrolita 2, 5 na 10, na nafasi moja weka sampuli NA standadi juu yake. Hiyo ya mwisho wengi wanairuka na ndo ya muhimu, maana uchafu wa sampuli unaweza kuliburuza doa likasimama tofauti na standadi ilivyosimama peke yake.

Tanki liwe na klorofomu na asetoni 9 kwa 1, kina kiwe chini ya mstari wa penseli, funika, usilisogeze. Solventi ikipanda sentimita 10 hivi toa pleti, weka alama ilipofika fasta kabla haijakauka, kausha ndani ya hudi. Kisha giza, miwani ya UV, taa ya nanomita 365. Kutoka juu kushuka utakuta B1, B2, G1, halafu G2. Rf ni umbali wa doa gawanya kwa umbali wa solventi, ila usiilinganishe na ya kwenye paper ya mtu, linganisha na standadi iliyopanda pleti hiyo hiyo.

Sasa doa limeng'aa bluu usawa wa B1. Hapo HUJAPATA aflatoksini bado, vitu kibao kwenye nafaka vinang'aa bluu. Cheki ya kwanza, nyunyizia asidi ya salfyuriki asilimia 50, aflatoksini inageuka njano. Ila isome vizuri hii: doa lisipogeuka njano, sio aflatoksini, umemaliza. Likigeuka, bado inaweza kuwa kitu kingine, umeshindwa kuikataa tu. Cheki yenye nguvu ni asidi ya trifluoroasetiki: kwenye pleti nyingine, kabla ya kuipandisha, dondoshea kidogo juu ya doa la sampuli na la standadi, subiri kama dakika 5, kausha kwa hewa ya uvuguvugu, ndo upandishe. B1 inageuka B2a ambayo inabaki chini sana, bado inang'aa bluu. Doa la sampuli likishuka sawasawa na la standadi, hapo andika B1 kwa kujiamini.

Kiasi unakadiria kwa macho, tafuta standadi inayong'aa sawa na sampuli. Mfano: doa lako la mikrolita 10 limefanana na mikrolita 5 za standadi ya mikrogramu 0.5 kwa mililita. Hizo ni nanogramu 2.5 kwenye doa. Chupa nzima ni mikrolita 500, yaani mara 50, unapata nanogramu 125, gawanya kwa zile gramu 5, jibu ni mikrogramu 25 kwa kilo. Kikomo cha Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa mahindi ni 5 kwa B1 na 10 kwa jumla ya zote nne, so kwa mahindi hiyo ingekuwa imepitiliza mbali. Ikiwa 4 au 6 usibishane na macho yako, peleka HPLC. Unaweza pia kupiga picha na kupima mwanga wa madoa kwa ImageJ, programu ya bure ya kompyuta, mradi kamera usiiache kwenye auto.

Vyombo na mabaki loweka kwenye jiki usiku kucha kabla ya kuosha, ila vile vilivyoshika asidi suuza kwanza kwa maji mengi, jiki na asidi vikikutana vinatoa gesi ya klorini. Klorofomu haiendi kwenye sinki, ina dumu lake la taka.