Kuvua saruji kwenye ukuta wa shule ya mawe na chokaa

Shule kongwe za Mji Mkongwe, Unguja, zina kuta za mawe ya matumbawe zilizounganishwa kwa chokaa na udongo mwekundu. Ukuta wa aina hii hunyonya maji kutoka ardhini na kuyatoa taratibu usoni. Ukiuziba kwa saruji, maji hupanda juu zaidi kutafuta njia, yakikauka yanaacha chumvi, na chumvi ndiyo inayotafuna jiwe. Rangi ya mafuta, ile inayopakwa hadi usawa wa mabega ya wanafunzi ili ifutike kirahisi, nayo inaziba vilevile.

1. Ruhusa. Mji Mkongwe ni Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000. Nenda Mamlaka ya Mji Mkongwe kabla ya kushika nyundo, na upige picha kila ukuta.

2. Tafuta maji yanakotoka. Kagua paa, mifereji, mabomba. Niliwahi kuitwa kwenye shule ambayo ukuta wake ulikuwa umepigwa lipu mara tatu. Kumbe bomba la kunawia mikono lilikuwa linavuja upande wa pili.

3. Gonga kwa mpini wa nyundo. Palipo na mlio wa mtungi mtupu, saruji imeshaachana na jiwe, anzia hapo. Anza juu, shuka chini. Patasi ilale, isisimame. Mashine ya kupasulia usiiruhusu hata mlangoni, maana inatikisa ukuta mzima. Palipong'ang'ania, paache, ukilazimisha utaondoka na jiwe.

4. Subiri. Hapa ndipo mafundi wengi tunaposhindwa. Chumvi itachanua ukutani kama unga: ifagie kwa brashi kavu, usiioshe, kwani maji yataizamisha tena ndani. Mimi huanza kuvua likizo ya Juni, masika yakiwa yamekwisha na kusi inavuma. Mwalimu mkuu atauliza ukuta utakaa uchi mpaka lini. Mwambie ukweli: miezi, si wiki.

5. Lipu. Changanya kipimo kimoja cha chokaa iliyolowekwa ikakaa vizuri na vitatu vya mchanga. Wa ufukweni hapana, una chumvi. Vaa miwani, chokaa inaunguza macho. Lowesha ukuta, piga tabaka lisilozidi sentimita moja na nusu, kisha tundika magunia mabichi mbele yake. Ukibonyeza kwa dole gumba lisibonyee, lakini ukucha bado unaacha mchoro, tabaka linalofuata linaweza kuja.

6. Paka chokaa nyepesi kama maziwa, mikono minne au mitano, kila mmoja ukauke kwanza.

Wiki ya kwanza wazazi watalalamika kuwa sare zinarudi na weupe mgongoni. Msikimbilie tena rangi ya mafuta. Sogezeni madawati shibiri moja kutoka ukutani.