Kuhama kutoka GS kwenda Africa Twin: pima hivi kabla hujauza

Mwenye pikipiki ya BMW R 1200 GS anaitaka Honda Africa Twin, mwenye Africa Twin anaitamani GS. Gereji kwangu hapa Arusha nawapokea wote, na wengi hufika wakiwa wameshaamua, wanachotafuta ni fundi wa kuwaunga mkono. Mwongozo huu ni wa yule ambaye bado hajalipa. Nimechukua mfano wa GS ya kupozwa kwa maji, ile ya 2013 hadi 2018, na Africa Twin CRF1000L iliyoingia sokoni 2016, maana ndizo ninazoombwa kuzilinganisha mara kwa mara. Kama una pikipiki nyingine ya safari ndefu, badilisha tarakimu, hatua zibaki zilezile.

Msimamo wangu niuseme mapema: karibu kila kinachokuudhi kwenye pikipiki yako kinatibika kwa pesa kidogo, isipokuwa uzito. Ndiyo maana tunamaliza kwanza vinavyotibika, halafu tunauacha uzito uamue.

Hatua ya 1: Andika lalamiko bila kutaja pikipiki

Chukua karatasi uandike kinachokusumbua bila jina la kampuni wala modeli. "Mgongo unaniuma kabla sijafika Babati" ni lalamiko. "Mikono inakufa ganzi" ni lalamiko. "Nataka kitu cha kisasa zaidi" ni hamu. Hamu si kosa, mimi mwenyewe ninayo, ila ujue kwamba ndiyo unayoilipia. Ukimaliza mistari miwili ukakosa cha kuongeza zaidi ya rangi na taa, unaweza kuruka hadi hatua ya pesa.

Hatua ya 2: Hesabu barabara ulizopita kweli

Pitia safari zako za mwaka uliopita na ugawe kilomita katika mafungu matatu: lami, changarawe inayopitiwa na greda, na njia mbaya. Usihesabu safari unazoziota.

Watu hushangaa matokeo. Arusha hadi Dodoma kupitia Babati na Kondoa siku hizi ni lami. Namanga hadi Nairobi ni lami. Dar es Salaam hadi Mbeya ni lami, pamoja na zile kilomita 50 hivi zinazokatiza Hifadhi ya Mikumi, ambako matuta, twiga na faini ya kugonga mnyama vitakupunguza mwendo hata uwe na injini ya ndege. Ukitoka Mto wa Mbu kwenda Engaruka na kushuka Ziwa Natron, hapo ndipo unakutana na vumbi laini la volkano, mawe na makorongo.

Gawio hilo ndilo linalokuambia ukubwa wa gurudumu la mbele unaokufaa. GS ina inchi 19, pana, inatulia kwenye kona za lami. Africa Twin ina inchi 21, nyembamba, inapanda jiwe na kukata mchanga bila kukupokonya usukani. Kwa maoni yangu, kama njia mbaya haifiki sehemu moja kati ya tano za kilomita zako, inchi 21 utaibeba bure muda mwingi wa mwaka.

Mafuta hayana cha kuamua hapa. Tangi la GS ni lita 20, la Africa Twin ni 18.8, na zote mbili kwa mwendo wa kistaarabu zinakwenda kilomita 20 hivi kwa lita.

Hatua ya 3: Tibu uliyonayo

Hatua hii ndiyo inayoniharibia biashara ya udalali, maana wengi wakiifanya hawauzi tena.

Anza na upepo. GS inataka psi 36 mbele na 42 nyuma, tairi zikiwa za baridi. Vijana wa pampu barabarani hujaza kwa kubonyeza na kidole au kwa geji iliyoangushwa mara mia, kwa hiyo nunua yako ukae nayo chini ya kiti. Pikipiki "nzito kwenye kona" mara nyingi ina psi 28 mbele na tairi la nyuma lililolika katikati likawa bapa. Badilisha tairi ndipo uihukumu.

Kisha shokapu ya nyuma. Utahitaji futi ya kupimia na watu wawili wa kukusaidia:

1. Simamisha pikipiki kwenye stendi ya kati, gurudumu la nyuma likae hewani. Pima kutoka ekseli kwenda juu, wima, hadi alama uliyoweka kwenye mkia. Andika.
2. Funga mizigo yote ya safari, ijaze maji na vifaa kama unavyosafiri. Vaa kofia, koti na buti.
3. Ishushe kutoka kwenye stendi, kaa mahali pako, miguu kwenye vikanyagio. Mwenzako wa kwanza ashike usukani, wa pili apime tena palepale.
4. Toa kipimo cha pili kwenye cha kwanza.

Jibu liwe kama theluthi moja ya mwendo wote wa shokapu. Ya nyuma ya GS ina mwendo wa milimita 200, kwa hiyo 60 hadi 65 ni sawa. Ya Africa Twin ina 220, basi itafutie kama 70. Ukipata 90, mkia umelala, mbele kumeinuka, na ndiyo sababu taa inaangaza miti na usukani unaelea. Zungusha kitasa cha kukazia springi, upime upya. Zenye shokapu za umeme za mwanzo, chagua kwenye skrini picha ya kofia na begi. Kama kitasa kimefika mwisho na bado imelala, wewe na mzigo wako mmeizidi springi. Springi nzito zaidi inauzwa peke yake, huhitaji kununua pikipiki nzima.

Mambo ya mwili ni rahisi zaidi. Fundi makochi mzuri atakata au kuongeza sponji ya kiti kwa siku moja. Usukani unainuliwa kwa vipande vya alumini vya milimita 20 au 30. Kioo cha upepo kinaweza kuwa kifupi mno au kirefu mno, na kelele ya kofia inatoka hapo. Halafu kuna hili ambalo wafupi hawapendi kulisikia: kiti cha GS kina ngazi mbili, 850 na 870, na cha Africa Twin kina ngazi mbili, 850 na 870. Kama visigino havigusi chini leo, havitagusa kesho.

Fanya marekebisho yote, kisha nenda safari moja ndefu. Rudi kwenye karatasi yako ufute yaliyopona.

Hatua ya 4: Pambana na uzito

Kilichobaki kwenye karatasi, mara nyingi, ni uzito. Sasa angalia tarakimu za kiwandani, pikipiki ikiwa na mafuta na maji: GS ya 2013 ni kilo 238, na za mwisho za kizazi hicho zilifika 244. Africa Twin yenye ABS ni 232, na ile ya gia za kujibadilisha zenyewe, DCT, ni 242. Tofauti inaweza kuwa kilo sita. Petroli ya lita kumi ina uzito zaidi ya huo. Anayeiacha GS kwa Africa Twin ili apate wepesi anahama chumba ndani ya nyumba ileile.

Tena kuna jambo ambalo karatasi za kiwanda hazisemi. Silinda za GS zimelala pembeni, chini, kwa hiyo uzito wake uko karibu na ardhi na ukiwa kwenye foleni unaisahau. Africa Twin imesimama, uzito uko juu kidogo. Zikianguka, GS huegemea silinda na vyuma vyake vya kukinga, haifiki chini kabisa, na hivyo umeshapunguziwa sehemu ya kazi ya kuiinua. Mwenzake hulala zaidi.

Peleka mizigo yako kwenye mzani wa gunia, wauza mahindi wanao kila soko. Pima masanduku yakiwa matupu kwanza, pamoja na fremu yake. Ya alumini matatu yanaweza kukaribia kilo 20 kabla hujaweka hata soksi. Mabegi laini yangekupunguzia zaidi ya nusu, na hizo ndizo kilo za bei rahisi kuliko zote utakazowahi kupunguza.

Baada ya hapo, jaribio lenyewe. Ilaze pikipiki kwenye nyasi bila mizigo, injini imezimwa, gia namba moja. Kama imelala kulia, fungua kwanza stendi ya pembeni ili isikupite upande wa pili. Zungusha usukani uelekee chini, geuka uipe mgongo, makalio yakae kwenye kiti, shika usukani kwa mkono mmoja na fremu kwa mwingine, kisha tembea kinyumenyume kwa hatua fupi ukisukuma kwa miguu. Kiuno kisiinue chochote. Wanaume hukataa kufanya hili mbele ya watu, basi lifanye uani.

Ukiweza mara mbili mfululizo, uzito si sababu ya kuuza. Ukishindwa, na unapenda kwenda Natron peke yako, basi hata Africa Twin haikusaidii. Angalia Yamaha Ténéré 700: kilo 204, nguvu farasi 73, tangi la lita 16. Lakini kiti chake ni milimita 875, kwa hiyo mguu wako una la kusema pia.

Hatua ya 5: Tafuta spea kabla ya kutafuta pikipiki

Piga simu maduka matatu na uulize chujio la oili, pedi za breki na sahani za klachi. Swali liwe hili: "Ipo dukani, au unaagiza?" Jibu la "ipo, njoo" ni tofauti na "inapatikana".

GS inaendeshwa na shafti, yaani mhimili wa chuma unaozungusha gurudumu la nyuma, haina cheni ya kupaka oili kila jioni. Kagua lile raba linaloifunika, maana likipasuka maji yanaingia na viungo vinashika kutu kimyakimya. Africa Twin ina cheni namba 525. Utaisafisha, utaikaza, utabadilisha na sproketi zake, na hutaipata kwenye duka la spea za bodaboda. Ila ikikatika Singida, kiungo cha akiba ulichobeba kinakufikisha mjini. Shafti ikifa, pikipiki inapanda Fuso.

Pancha nako zinatofautiana. Rimu za GS hazina tyubu, unachomeka plagi ya raba, unajaza, unaondoka. CRF1000L ina tyubu mbele na nyuma, lazima ufungue gurudumu. Faraja yake ni kwamba tyubu ya 21 unaweza kuipata hata mikoani, kwa sababu pikipiki za miradi kama Honda XL na Yamaha DT zinatumia saizi hiyo, na tyubu nyembamba ya 18 ya bodaboda itakushikilia nyuma hadi mjini ukienda polepole.

Sevisi: GS kila kilomita 10,000 na kupima valvu kila 20,000. Africa Twin kila 12,000 na valvu kila 24,000. Kwenye GS vifuniko vya valvu viko nje unavitazama. Kwenye Africa Twin tangi linatoka kwanza, na fundi atakutoza kazi hiyo.

Hatua ya 6: Endesha siku nzima, ukiwa na mzigo

Mzunguko wa dakika kumi hauna maana. Azima au kodi, funga mabegi yako, ondoka asubuhi urudi jioni, na kama husafiri peke yako mpakie mwenzako. GS ina nguvu farasi 125, Africa Twin 95, na tofauti hiyo utaiona mkiwa wawili mnapanda Kitonga nyuma ya malori, ukitafuta nafasi fupi ya kupita. Ukishika breki kwa nguvu, mbele ya GS haizami sana kwa jinsi shokapu yake ilivyoundwa. Africa Twin inainama kama pikipiki za kawaida, na wengine wanapenda hivyo kwa sababu wanahisi tairi. Muulize uliyempakia kabla hujajiuliza mwenyewe.

Hatua ya 7: Pesa

Andika tofauti ya bei kati ya kuuza na kununua. Ongeza vile ambavyo havihami: masanduku na fremu zake, vyuma vya kukinga injini, bamba la chini, kiti kilichoshonwa. Ongeza ada za kubadilisha umiliki TRA na bima kubwa. Pembeni yake andika gharama zote za hatua ya 3. Kama safu ya kwanza imezidi ya pili mara tano na lalamiko lililobaki ni dogo, mimi nisingeuza. Kama lililobaki ni uzito, au gurudumu lisilofaa barabara zako, uza. Na uuze kwanza ndipo ununue, maana mwenye pikipiki mbili hukubali bei yoyote.

Hatua ya 8: Kagua unayoichukua

Fika ukiwa umeomba isiwashwe. Injini ya moto inaficha mengi. Inua mbele, zungusha usukani taratibu: ukigota katikati, beringi zimechoka. Kwenye Africa Twin za 2016 angalia kutu kwenye spoki, gonga kila moja kwa bisibisi usikilize iliyolegea. Kwenye GS, kwa yule anayehama upande wa pili, ulizia kazi ya shokapu za mbele, kwani mwaka 2017 BMW iliziita karakanani pikipiki za kizazi hiki zikaguliwe mirija ya shokapu hizo. Dai kitabu cha sevisi kinachoonyesha valvu zilipimwa kwenye kilomita ngapi.

Namba ya chesisi isome kwenye chuma chenyewe, iwe sawa na ya kwenye kadi. Lipia benki, na siku hiyohiyo anzeni kubadilisha jina. Kadi yenye jina la mtu mwingine itakudai barua ya mwenye mali kila ukifika Namanga, na muuzaji akishahama mji barua hiyo huipati.