Jinsi ya kutumia barafu kwenye kifundo cha mguu kilichoteguka

Kifundo cha mguu kinapoteguka, mara nyingi wayo huwa umepindia ndani na kano za upande wa nje zikavutika au kuchanika. Kabla ya kutafuta barafu, hakikisha kwamba mfupa haukuvunjika. Ikiwa majeruhi hawezi kutembea hatua nne, hata kwa kuchechemea, au anapata maumivu makali unapobonyeza ukingo wa nyuma wa nundu za mfupa zilizo pande mbili za kifundo, apelekwe hospitali akapigwe picha ya eksirei.

Mfupa ukiwa salama, chukua barafu za mfuko kama zile zinazouzwa madukani, zifunge katika kitambaa na uziponde ziwe vipande vidogo. Vitie kwenye mfuko wa plastiki pamoja na maji kidogo, kisha toa hewa yote na ufunge. Maji hayo yana kazi kubwa, kwa sababu huufanya mfuko ukumbatie kifundo chote, na barafu inayoyeyuka haishuki chini ya nyuzi sifuri, ilhali ile iliyotolewa muda huo kwenye friza huwa na baridi kali zaidi na inaweza kuunguza ngozi. Zungushia kifundo kitambaa chepesi kilicholoweshwa na kukamuliwa, kipande cha kanga kwa mfano, ndipo uweke mfuko juu yake. Taulo zito na kavu huzuia baridi isipenye.

Majeruhi alale chali, mguu ukiwa juu ya mito hadi upite usawa wa moyo. Atahisi baridi kali, kisha kuungua, kisha maumivu ya kufukuta, na mwishowe ganzi. Ganzi ikiingia, ondoa mfuko. Kwa kawaida hilo hutokea kati ya dakika 10 na 20, na dakika 20 zisipitishwe hata kama hakuna ganzi. Kagua ngozi kila baada ya dakika tano. Vitabu vingi husema tazama wekundu, lakini kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo linganisha na mguu mwingine ambao haukuumia: ngozi ikipauka, ikikakamaa au ikitoa malengelenge, acha mara moja. Rudia kila baada ya saa mbili hivi, kwa siku mbili au tatu za mwanzo, na kamwe asilale usingizi barafu ikiwa mguuni. Katika siku hizo, mwepushe na maji ya moto na kuchuliwa kwa nguvu, ingawa ndiyo mambo ambayo wazee wengi nyumbani huanza nayo, kwa kuwa huongeza damu na uvimbe mahali palipoumia.

Wapo wasiofaa kutumia barafu bila ushauri wa daktari: wenye selimundu, kwa sababu baridi inaweza kuchochea maumivu yao, wenye kisukari waliopoteza hisia miguuni, wenye mishipa ya damu iliyoziba, na wale ambao ngozi yao huota vipele wakiguswa na baridi. Usiweke barafu juu ya kidonda kilicho wazi.

Ni muhimu kuelewa kwamba barafu hutuliza maumivu, haiungi kano. Daktari Gabe Mirkin wa Marekani, ambaye mwaka 1978 alieneza kanuni ya kupumzisha, kuweka barafu, kubana na kuinua, baadaye alikiri kwamba barafu na mapumziko ya muda mrefu vinaweza kuchelewesha kupona, kwani uvimbe wenyewe huleta chembe zinazokarabati jeraha. Ndiyo maana katika fiziotherapia baridi hutumiwa kufungua njia ya mazoezi: mgonjwa huwekewa barafu kwa dakika 10 hadi 15, na maumivu yakipungua huanza kukunja na kunyoosha wayo taratibu, au kuchora herufi hewani kwa kidole gumba cha mguu. Baada ya siku kadhaa, maumivu yakiruhusu, huongeza kusimama kwa mguu mmoja akiwa ameshika ukuta. Asiruke wala kurudi uwanjani mara tu baada ya barafu, kwa kuwa mguu wenye ganzi hauhisi vizuri unapokanyaga na unaweza kuteguka tena. Kifundo kikivimba baada ya mazoezi, barafu inaweza kurudiwa jioni kwa utaratibu uleule, na mazoezi ya kesho yake yapunguzwe kidogo.