Hadi diski (hard disk) ya nyumbani isiyokupigia kelele

Wakuu, kama unaweka hadi diski ya ndani kwa ajili ya mapicha na mavideo ya familia na mashine inawaka saa 24, usikimbilie ile ya mizunguko 7200 kwa dakika, chukua ya 5400. Ukivuta faili toka kwenye hiyo mashine kwa waya wa mtandao wa gigabiti moja kwa sekunde, waya wenyewe unagota kwenye megabaiti 110 hivi kwa sekunde, sasa hiyo spidi ya ziada unaipeleka wapi? Ya 5400 haipati moto sana na umeme inakula kidogo, na wati moja tu ikiwaka mwaka mzima ni karibu yuniti 9, piga hesabu kama una diski nne.

Ila maneno ya kwenye boksi achana nayo, tafuta datashiti (karatasi ya vipimo ya mtengenezaji) ya modeli yenyewe, kuna namba mbili za desibeli, moja diski ikiwa imetulia na nyingine ikiwa inasaka data, hiyo ya pili ndo ile krr krr inayokuamsha usiku. Hapohapo cheki kama ni CMR au SMR, yaani namna diski inavyoandika data, maana CMR mistari ya data haipandani, ila SMR inailaza kwa kupandishana kama vigae, ukianza kuandika upya vitu vingi inakuwa nzito balaa, mi kwenye RAID (diski kadhaa zinazounganishwa zifanye kazi kama moja) siigusi kabisa.

Halafu kelele nyingine wala si ya diski, ni bati la kesi linatetemeka, weka vipira kwenye skrubu utashangaa.