Pesa ya ndugu yako imebaki gerezani, unaidaije?

Lieleweke hili kwanza, mtu akifungwa anapoteza uhuru sio mali yake. Pesa aliyoingia nayo gereza la Isanga au la Mpwapwa, hapa Dodoma, ni yake mpaka kesho, Katiba ibara ya 24 inalinda mali ya kila mtu na haijamtoa mfungwa. Hata Kanuni za Mandela za Umoja wa Mataifa (2015), kanuni ya 67, inataka pesa na vitu vyake viandikwe, asaini mwenyewe, na akitoka arudishiwe.

Sasa kabla hujaenda kugombana na afande getini, jua pesa ilichukuliwa wapi, hapa ndo wengi wanapotea. Tuseme kijana katoka Hombolo kuuza zabibu kakamatwa na laki nne na nusu mfukoni. Kama polisi waliichukua kuwa kielelezo, yaani ushahidi wa kesi, hiyo gereza haihusiki, unaiomba mahakama iliyosikiliza kesi, na karatasi yako ni ile hati ya ukamataji mali. Kama aliikabidhi mapokezi ya gereza hiyo ndo unaidai gereza.

Ukienda kumtembelea muulize polepole: shilingi ngapi, tarehe gani, nani alipokea, alisaini au aliweka dole gumba, nani alikuwepo, na ametumia kiasi gani tangu hapo maana usije ukadai yote kumbe nusu kashatumia. Kama alihamishwa gereza uliza pia kama pesa ilimfuata. Andika yote siku hiyo hiyo. Na jamani naomba sana, msitume pesa kwenye simu ya askari binafsi hata akiwa mtu mwema vipi, baadaye gereza litasema halijapokea kitu na muamala wenu utaonyesha mlimtumia mtu tu.

Halafu barua kwa Mkuu wa Gereza, ukurasa mmoja unatosha, lugha ya heshima, omba akuandikie rejista inaonyesha nini na pesa irudishwe lini. Ambatanisha idhini ya mfungwa mwenyewe, bila hiyo watakwambia we sio mwenye mali, na kwa hilo wako sahihi. Nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa, usiondoke bila muhuri!

Kimya? Panda kwa Mkuu wa Magereza wa Mkoa, kisha Makao Makuu ya Magereza. Malalamiko hayo hayo unaweza pia kuyapeleka Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, nao makao makuu yao yapo hapa hapa Dodoma, ila nenda kabla hujafungua kesi kwa sababu jambo likishakuwa mahakamani Tume haiwezi kuligusa.

Mahakama iwe mwisho. Kuishtaki Serikali lazima utoe notisi ya siku 90 kwa ofisi husika na nakala kwa Mwanasheria Mkuu, naye lazima aunganishwe kwenye kesi, na kesi yenyewe ni Mahakama Kuu, kwa hiyo kwa elfu sitini mi nisingeenda huko. Huna hela ya wakili tafuta wasaidizi wa kisheria, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawagusa na walio magerezani.

Na kama mwenyewe alifia ndani, idhini yake haina kazi tena, kaeni kikao cha ukoo mteue msimamizi wa mirathi, athibitishwe Mahakama ya Mwanzo, yeye ndo aandike barua ya madai.